Akiba ya mtoto kwenye mfuko wa fahirisi: maswali ya wazazi Waswahili walioko Uingereza

Maswali haya sikuyatunga. Nimeyaokota kwenye akika za watoto, kwenye foleni ya sahani harusini, na zaidi kwenye kundi letu la WhatsApp la akina mama wa Leicester, ambako mtu akijifungua tu, hongera zikishapungua, huja swali: "Jamani, mwanangu nimfungulie nini?" Nimechoka kuandika jibu lile lile kwa kidole gumba, nikaona niliweke hapa.

Majibu ni ya Uingereza, maana sheria za hapa ndizo ninazozijua. Aliyeko Muscat au Toronto ataokota fikra, utaratibu atautafuta kwake. Na mimi si mshauri wa fedha. Naweka hesabu za kliniki moja ya meno, nina watoto wawili, na akaunti zao nimezifungua, nimezikosea na nimezirekebisha mwenyewe.

Mfuko wa fahirisi ni kitu gani hasa?

Fahirisi, wengine husema indeksi, ni orodha. Wapo wanaofanya kazi ya kutunga orodha za kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa: FTSE 100 ni kampuni 100 kubwa za soko la London, imeanza 1984; S&P 500 ni ya Marekani; FTSE All-World inakusanya maelfu ya kampuni za nchi nyingi. Kampuni kubwa hupewa nafasi kubwa, ndogo hupewa ndogo. Mfuko wa fahirisi unachukua pesa za watu wengi na kununua kilichomo kwenye orodha, basi.

Ukimtuma mtu soko la Darajani akuchagulie samaki mzuri, unamlipa kwa jicho lake. Ukimwambia apite kila meza achukue kidogo kidogo, unamlipa miguu tu. Ndiyo sababu mifuko hii ni ya bei rahisi. Wa kwanza kwa watu wa kawaida ulianzishwa Marekani mwaka 1976 na John Bogle wa Vanguard. Ulikusanya kama dola milioni 11 na wenye soko wakaucheka. Leo wao ndio wanaouuza.

Kwa nini nisiweke benki tu?

Kama pesa utaihitaji ndani ya miaka mitano, weka benki, na sina la kuongeza. Kama una deni la kadi linalokula asilimia 20 na zaidi, lipa deni kwanza. Hakuna mfuko utakaolishinda. Lakini mtoto wa miezi mitatu ana miaka 18 mbele yake, na kwa muda huo mfumuko wa bei unaitafuna pesa ya benki taratibu huku namba kwenye kitabu ikionekana imeongezeka. Hisa hupanda na kushuka vibaya, ila kwa vipindi virefu zimeushinda mfumuko wa bei mara nyingi kuliko akaunti ya akiba. Ahadi haipo.

Junior ISA ni nini, na nani anaweza kuifungua?

Ni akaunti ya mtoto wa chini ya miaka 18 anayeishi Uingereza, ilianza Novemba 2011. Faida ndani yake, pamoja na gawio ambalo kampuni huwapa wenye hisa zake, havitozwi kodi, wala huandiki popote kwenye fomu za kodi. Kwa mwaka mmoja wa kodi, unaoanza 6 Aprili, mwisho ni pauni 9,000 kwa kila mtoto. Anayefungua ni mzazi au mlezi wa kisheria. Kuweka pesa, anaweka yeyote: bibi, mjomba, jirani.

Ziko aina mbili, ya fedha taslimu na ya hisa. Mtoto anaruhusiwa moja ya kila aina kwa wakati mmoja. Mifuko ya fahirisi inakaa kwenye ile ya hisa.

Faida nyingine ambayo wengi hawaijui: kwenye akaunti ya kawaida ya benki, pesa uliyompa mtoto wewe mzazi ikizaa riba ya zaidi ya pauni 100 kwa mwaka, riba hiyo yote huhesabiwa kuwa pato lako. Kwenye Junior ISA hilo halipo.

Akaunti ikiwa ya mtoto, mimi mzazi sina haki nayo kabisa?

Huna. Hili ningependa liulizwe la kwanza, nalo huulizwa la mwisho. Watu hunijia wamelinganisha mifuko mitano mpaka nukta ya asilimia, na hawajajua pesa yenyewe itakuwa ya nani.

Sisi tumekulia kwenye nyumba ambazo mkono wa Idi wa mtoto huazimwa na mama jioni ya Idi hiyo hiyo, na haurudi. Mtoto akiuliza huambiwa, "Ulivyokula wiki nzima ulidhani umepewa na nani?" Junior ISA haina mlango huo. Pauni 50 ukishaziingiza zimekutoka. Paa livuje, kazi ipotee, mama alazwe Mnazi Mmoja, huzipati. Kabla ya miaka 18 zinatoka kwa mambo mawili tu: mtoto akipata maradhi ambayo madaktari wamesema hayatampa muda mrefu, au akifariki. Mungu atuepushie.

Akifika 16 anaweza kuchukua usimamizi wa akaunti, yaani kuchagua mifuko mwenyewe, ila kutoa bado. Akifika 18 akaunti inageuka ISA ya mtu mzima kwa jina lake, na kuanzia siku hiyo shauri ni lake. Mnaweza kuwa mmekubaliana tangu utotoni kwamba ni za chuo. Sheria haiyajui makubaliano yenu. Akitaka gari, atanunua gari.

Njia ya pili ni kuweka kwenye ISA yako mwenyewe, ambayo kikomo chake ni pauni 20,000 kwa mwaka, na moyoni ukajua hizi ni za mtoto. Unaweza kuzitoa lini utakapo, na huo ndio uzuri wake na ubaya wake. Lipo na jambo ambalo hatupendi kulitaja: ukifa, pesa iliyo kwa jina lako ni mirathi. Itagawiwa kwa warithi wote au kufuata wosia wako, na moyo wako haupo kueleza ilikuwa ya nani. Mkiachana na mwenzio, nayo itawekwa mezani pamoja na nyumba.

Mimi nafanya zote mbili, na ninajua kwa nini. Pesa ambayo watoto wamepewa na watu, ya akika, ya Idi, ya kuhitimu juzuu, inakwenda kwenye Junior ISA, kwa sababu ni yao tangu ilipotoka mkononi mwa mtoaji. Akiba yangu mimi kwa ajili yao iko kwenye ISA yangu, na mume wangu ana karatasi inayosema ni ya kazi gani.

Haya, nichague mfuko upi?

Mmoja. Wa dunia nzima. Wa bei ndogo. Nikiulizwa kwa simu huishia hapo, na mtu huona nimemnyima siri.

Ubishi mkubwa ni kati ya mifuko ya dunia na mifuko ya Marekani peke yake. Shemeji yangu hataki kusikia kingine ila S&P 500, kwa sababu ndiyo iliyopanda sana miaka hii. Mimi humkumbusha Japani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 soko la Japani lilikuwa zaidi ya theluthi ya hisa zote za dunia, na watu wenye akili zao waliamini litaendelea vile. Tarehe 29 Desemba 1989 fahirisi ya Nikkei ilifika 38,915. Ikaanguka, na kiwango hicho haikukipita tena hadi Februari 2024. Mtoto aliyezaliwa Tokyo siku ile alikuwa na miaka 34. Sisemi Marekani itakuwa hivyo. Nasema sijui nchi ipi itakuwa juu mwaka 2043, na mfuko wa dunia haunilazimishi kujua, maana nchi ikikua nafasi yake kwenye orodha inakua yenyewe. Na hata hivyo Marekani peke yake ni zaidi ya nusu ya mfuko wowote wa dunia leo, kwa hivyo shemeji hajanyimwa.

Angalia jina vizuri. Mfuko unaofuata MSCI World una nchi 23 tajiri tu. China, India na Brazil hazimo, japo jina linasema dunia. FTSE All-World na MSCI ACWI zinazo. Kwa mtoto mdogo mimi napendelea zenye nchi nyingi, lakini tofauti si kubwa kiasi cha kukosa usingizi.

Utakuta pia mfuko ule ule umeandikwa mara mbili, mmoja una neno Acc mwisho wake, mwingine Inc. Wa Acc hulichukua gawio na kulirudisha ndani likanunue tena. Wa Inc hukutolea gawio likakaa taslimu kwenye akaunti. Kwa mtoto chukua Acc. Hana bili za kulipa.

Mtu atakuuliza kuhusu mifuko ya dhahabu, ya magari ya umeme, ya akili bandia. Hizo ni za mtu mwenye jicho la Darajani, na ana hamu ya kulitumia. Tumia jicho lako kwa pesa yako.

Ada ni ndogo ndogo tu, kuna haja ya kuzifuatilia?

Kuna haja kuliko kitu kingine chochote hapa, kwa sababu soko hulitawali na ada unaichagua.

Chukua pauni 50 kila mwezi kwa miaka 18. Umeweka 10,800. Tuseme, kwa mfano tu, soko limekua asilimia 5.5 kwa mwaka. Ukilipa ada za jumla ya asilimia 0.5, unabakiwa na asilimia 5 na mtoto anapata kama pauni 17,460. Ukilipa asilimia 2, ambayo ipo na inatozwa watu, unabakiwa na 3.5 na mtoto anapata kama 15,000. Pauni elfu mbili na mia nne zimekwenda kwa mtu ambaye hata akika hakuja.

Ada ni za namna mbili, na watu huangalia moja wakasahau nyingine. Kuna ya mfuko wenyewe, ambayo kwa mifuko ya fahirisi ya dunia mara nyingi iko chini ya asilimia 0.3. Na kuna ya jukwaa, yaani kampuni inayokushikia akaunti. Hapa ndipo nilipoungua. Akaunti ya mwanangu wa kwanza niliifungua kwa kampuni iliyokuwa ikitoza pauni 4 kila mwezi. Mimi nilikuwa nikiweka pauni 25. Sikupiga hesabu, mimi, ninayekula kwa hesabu. Pauni 48 kwa mwaka katika 300 ni asilimia 16. Nilikaa miaka miwili nikishangaa kwa nini namba haisogei, nikilaumu soko, mpaka siku moja nikashusha taarifa ya mwaka na kuona mstari ule mdogo umejirudia mara kumi na mbili.

Akaunti ikiwa changa, tafuta jukwaa linalotoza kwa asilimia, au lisilotoza kabisa akaunti za watoto, yapo. Ikishanona, ada isiyobadilika inaweza kuwa nafuu. Ukihama, usijaribu kufunga na kufungua. Mwombe unayehamia akutumie fomu ya uhamisho, avute mwenyewe.

Ni halali? Nisikie jibu la ndiyo au hapana.

Kumiliki hisa ya kampuni ni kumiliki sehemu ya biashara, na wanazuoni wengi wa zama hizi hawana shida na hilo. Shida ni kampuni gani. Mfuko wa kawaida wa dunia una benki za riba, viwanda vya pombe na wachezesha kamari, kwa sababu nao wamo kwenye orodha. Kwa anayejali hayo, jibu la mfuko ule ni hapana.

Lakini ziko fahirisi zilizochujwa. Unaojulikana zaidi hapa ni mfuko wa HSBC unaofuata fahirisi ya Dow Jones Islamic Market Titans 100. Mchujo ni wa hatua mbili. Kwanza kazi ya kampuni: benki za riba, pombe, nguruwe, kamari na wenzao hutolewa. Kisha vitabu vyake: deni lisizidi asilimia 33 ya thamani ya kampuni sokoni. Zinazopita hupangwa kwa ukubwa na 100 za juu ndizo hizo.

Ujue unachonunua. Benki zikitoka, zinazobaki juu ni za teknolojia: Apple, Microsoft na jamaa zao. Mfuko wa kampuni 100 zilizoegemea upande mmoja hautembei sawa na wa kampuni elfu nne. Miaka teknolojia inapopanda, wenye mfuko huu hujiona wajanja. Inapoporomoka, wao ndio wa kwanza kuumia. Nami niko humo, naandika nikijua. Ipo pia mifuko inayofuata MSCI World kwa mchujo wa Kiislamu, yenye kampuni nyingi zaidi. Ilinganishe, ada kwanza. Na soma hati ya mfuko uone pato dogo lisilo safi linatolewaje, kama wanalitenga wao au wanakuachia wewe.

Ile Junior ISA ya fedha taslimu ya benki ya kawaida, hiyo ni riba bila mjadala. Nimewaona watu wanaikwepa mifuko ya hisa kwa kuogopa haramu, wakaenda kuweka huko.

Na zaka? Mtoto hajabaleghe.

Sisi wa pwani wengi ni Shafii, na kwa Imamu Shafii, kama kwa Malik na Ahmad, mali ya mtoto ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka ina zaka, na mlezi ndiye anayeitoa. Kwa Hanafi haina, ndiyo maana jirani yako wa Kigujarati au wa Kipakistani atakwambia jingine na nyote mko sawa kwenu.

Imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar kwamba mali ya mayatima ifanyiwe biashara, isije ikaliwa na zaka. Sijaona hoja fupi kuliko hiyo ya kutoiacha pesa ya mtoto imelala.

Taabu ni kwamba Junior ISA imefungwa. Huwezi kuchomoa humo zaka. Mimi naitoa mfukoni mwangu. Kuhusu kuhesabu, wapo wanaotoa asilimia 2.5 ya thamani yote na wapo wanaotoa kwa ile sehemu ya mali za kampuni inayopasa zaka tu. Muulize sheikh wako, shika kauli moja, usiibadilishe kila mwaka kutafuta nafuu.

Nina pauni 20 tu. Ningoje zikusanyike?

Usingoje. Majukwaa mengi yanapokea pauni 25 kwa mwezi, mengine chini ya hapo. Panga zitoke zenyewe siku ya pili baada ya mshahara, kabla hujaziona. Ukipata kiasi kikubwa kwa mara moja, kama ule mchezo wa akina mama zamu yako ikifika, kukiingiza chote siku moja kumewafaa watu mara nyingi kuliko kukigawa. Lakini kama unajijua kwamba kikishuka wiki ya pili utaugua, kigawe kwa miezi sita ulale.

Zawadi za watu zitengee njia. Mjukuu akizaliwa bibi hununua cheni ya dhahabu. Mwambie kwa adabu, tena asiambiwe na mkwe, kwamba nusu ya bei ile inaweza kwenda kwenye akaunti. Bibi wa wanangu alikataa kabisa. "Dhahabu naiona," alisema, na sikumlaumu.

Soko likianguka nifanye nini?

Nenda kapike.

Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 fahirisi ya S&P 500 ilipoteza zaidi ya nusu, na haikurudi ilipokuwa hadi 2013. Mwaka 2020 ilishuka theluthi moja kati ya 19 Februari na 23 Machi, ikarudi mwezi Agosti. Hakuna aliyepiga kengele mwanzo wala mwisho.

Usiku mmoja wa Machi ile, tumefungiwa ndani, nilifungua simu jikoni nikaona pauni 4,000 na kitu za binti yangu zimekuwa 3,100. Mume wangu akasema tuuze, tubaki na taslimu humo humo kwenye akaunti mpaka kutulie. Tulikaribia. Kilichotuzuia si busara: nilikuwa nimesahau nenosiri, na kulibadilisha kulitaka barua ya posta. Barua ilipofika soko lilikuwa limeanza kupanda. Nikaifuta programu kwenye simu, na mpaka leo naangalia mara moja kwa mwaka, Aprili.

Pauni nayo ina visa vyake. Mfuko wa dunia umejaa mali za dola, kwa hivyo pauni ikidhoofika namba yako hupanda, kama ilivyokuwa baada ya kura ya Juni 2016 ya kutoka Umoja wa Ulaya. Usijipongeze siku hiyo, na usilie pauni ikipata nguvu.

Akiba ya mtoto itanipunguzia Universal Credit?

Akiba ya mzazi ikizidi pauni 6,000 malipo hayo ya serikali kwa wenye pato dogo hupunguzwa, ikizidi 16,000 hukatwa. Iliyo kwa jina la mtoto haihesabiwi kuwa yako. Lakini ukihamisha pesa zako kwa mtoto makusudi ili ushuke chini ya kiwango, ofisi inaweza kukuhesabia kana kwamba bado unazo. Na wanauliza.

Mwanangu mkubwa kazaliwa 2005. Amechelewa?

Pengine ana pesa na hajui. Watoto waliozaliwa kati ya 1 Septemba 2002 na 2 Januari 2011, ambao wazazi wao walikuwa wakipokea posho ya watoto, serikali iliwapa vocha ya Child Trust Fund, kwa wengi pauni 250, na zaidi kwa familia zenye pato dogo. Mzazi asipoitumia, ofisi ya kodi, HMRC, ilimfungulia mtoto akaunti yenyewe. Nyumba ngapi zetu wakati ule zilikuwa ngeni, zinahama kila baada ya miezi sita, na bahasha za kahawia zinarudi mlangoni pasipo mtu?

Kijana atafute kupitia tovuti ya serikali, gov.uk, kwa namba yake ya bima ya taifa. Ni bure. Wapo wanaojitokeza kukutafutia kwa malipo. Usiwape hata senti. Kwa aliye bado chini ya 18, pesa hiyo inaweza kuhamishiwa Junior ISA, na mara nyingi ada hupungua, kwani akaunti nyingi za zamani zilikuwa ghali. Zote mbili kwa pamoja haruhusiwi.

Mtoto wangu yuko Tanga kwa mama yake. Naweza kumfungulia hapa?

Hapana, lazima awe anaishi Uingereza. Unaweza kumwekea kwenye ISA yako. Au uweke huko huko: UTT AMIS, kampuni ya serikali ya Tanzania, ina Mfuko wa Watoto tangu 2008, unauzwa kwa vipande. Ule si mfuko wa fahirisi. Wapo wasimamizi wanaochagua hisa na hatifungani, yaani hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba. Lakini kama ada ya shule italipwa kwa shilingi, kuna busara ya kuwa na sehemu ya akiba kwa shilingi.

Na usidhani kwamba fahirisi ya nchi moja ndogo inakupa usalama ule wa orodha ndefu. Nairobi, Safaricom peke yake imewahi kuzidi nusu ya thamani ya soko zima. Ukinunua soko lile umenunua Safaricom na wasindikizaji.

Akikaribia 18, tuhamishe kwenye kitu cha salama?

Inategemea pesa inakwenda wapi. Kama ni ya karo ya Septemba, anza kuipunguza kwenye hisa tangu ana miaka 15, kidogo kidogo. Kama hana haraka nayo, hakuna kinachomlazimisha kuitoa siku ya kuzaliwa. Neno moja tu kuhusu hatifungani, ambazo watu huziita salama kwa mazoea: mwaka 2022 riba zilipopanda, hatifungani za serikali ya Uingereza zilianguka zaidi ya asilimia 20. Kwa pesa ya miaka miwili ijayo, taslimu ni taslimu. Asiyetaka riba atafute akaunti ya benki ya Kiislamu, ziko hapa.

Mtoto aambiwe lini?

Wapo wanaoficha mpaka 17, kwa hofu ya gari. Mimi naona mtoto anayepewa habari ya maelfu ya pauni mwezi mmoja kabla hajawa huru nayo ndiye atakayekwenda kwenye gari. Wangu nilimwonyesha akiwa na miaka 11, ile Aprili ya kuangalia. Namba hakuijali. Alichotaka ni orodha, kwamba kweli ana kipande cha kampuni ya simu iliyoko mkononi mwangu, na kama hivyo anaweza kuitumia Jumamosi nzima.

Kisha tukafungua ya mdogo wake, ambaye zawadi zake za mwanzo, kabla sijabadilisha, ziko kwenye mfuko wa FTSE All-World. Kuna ukurasa wenye nchi na asilimia zake. Akashuka nao kwa kidole: Marekani, Japani, Uingereza, China, India. Afrika Kusini akaiona huko chini, na Misri chini kabisa. Akarudi juu akaanza tena, akidhani ameruka.

"Mama, ya bibi iko wapi?"

Nikamwambia haimo. Tanzania haimo, Kenya haimo; masoko yao ni madogo kwa orodha ile.

"Sasa hapa wameandika dunia nzima," akasema, akanirudishia simu.